Mshipi wa Mkono wa Kushoto

Monoara alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bakuli la uji wa mchele mapajani, kijiko mkononi, akimbembeleza mumewe kama mtu anavyombembeleza mtoto anayeota meno.

"Fungua kinywa, Baba Parul. Kijiko kimoja tu. Kwa ajili yangu."

Motaleb hakufungua. Aliuma meno, akageuza uso ukutani, na uji ukamtiririka kidevuni hadi shingoni. Monoara alipotaka kumfuta, alimsukuma kwa mkono wa kushoto, mkono pekee uliobaki na uhai. Kijiko kikaanguka chini ya kitanda. Monoara alipiga magoti kukitafuta, na alipokuwa kule chini, mahali asipoonekana, alijiruhusu kulia kidogo. Kisha akainuka na kijiko, akakiosha, akaanza upya.

Kiharusi kilikuwa kimemwangusha Motaleb baada ya mafuriko. Mto Muhuri ulivunja tuta, maji yakaingia mji wao wa Feni kama mgeni asiyebisha hodi, na mume na mke wakakimbilia juu ya paa la bati wakakaa huko wakinyeshewa mpaka mashua ya jeshi ilipowafikia. Kutoka juu ya paa Motaleb aliona kabati lake likielea, akaona ng'ombe wa jirani, akaona na lile furushi refu la turubai lenye fimbo zake za kuvulia, alizozikusanya tangu ujana, likizunguka polepole penye uga wao na kuondoka na mkondo. Hakusema neno. Maji yalipopungua alishika koleo akaanza kusomba matope sebuleni. Siku moja akiwa na koleo lile alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, na hakuinuka tena kwa nguvu zake.

Upande wa kulia ulikufa. Maneno yakapotea. Hospitalini walimhangaikia mpaka wakamtoa hatarini, na daktari, mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, alimvuta Monoara kando.

"Mama, koo lake linameza. Nimelipima mwenyewe. Anaweza kula."

"Mbona hali?"

"Hataki." Daktari alitazama pembeni. "Kwa hilo sina sindano."

Basi Monoara akabaki nalo. Alileta maji yaliyosomewa na imamu. Alileta mizizi ya mganga wa kutoka Parshuram. Parul, binti yao wa pekee, alikuja kutoka Chittagong na mtoto mchanga mgongoni, akamwimbia baba yake, akamlilia, akarudi kwa mumewe na macho yaliyovimba. Motaleb aliwatazama wote kama mtu anayetazama mvua ya mji mwingine. Kila siku alizidi kukonda. Shavu liliingia ndani, na saa aliyopewa siku ya harusi ikawa inateleza mpaka kiwikoni.

Na kila alasiri alikuja Jomila, dada yake Motaleb, tambuu shavuni, kukaa kwenye kiti kimoja kizima kilichobaki na kuhesabu makosa.

"Uji wenyewe ni maji matupu, wifi. Hata mimi ningefunga mdomo."

"Pika wewe basi, wifi yangu. Jiko lile pale."

"Ningepika. Ila ningepika, watu wangesema nini juu yako?"

Monoara akakoroga uji. Kumjibu Jomila ni kama kuchota maji kwa pakacha.

Huyu Motaleb alikuwa nani kabla ya haya? Alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mtu wa mzaha, mwenye mikono inayonuka girisi siku za kazi na inayonuka chambo siku ya Ijumaa. Baada ya sala alikuwa haonekani. Alikuwa kwenye bwawa la ukoo wa Kazi, lile bwawa kubwa la zamani lenye ngazi za matofali, yeye na rafiki yake Keramat, wameinama juu ya fimbo zao kama makarani. Monoara aliuchukia uvuvi huo kwa moyo wake wote. Chambo cha mashudu ya haradali yaliyochachushwa katika sufuria zake nzuri! Mayai ya majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, yaliyofichwa nyuma ya debe la unga, na majimoto wenyewe wakipanda ndani ya sari! Aliwahi kumuuliza, "Hivi ulinioa mimi au uliwaoa hawa samaki?" Motaleb alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mshipi aliokuwa akiufunga: "Samaki hanipigii kelele."

Sasa angetoa chochote asikie kelele zake yeye.

Ilikuwa Ijumaa, nao walikuwa kwenye vita vyao vya uji, wanaume wawili walipopita kichochoroni na fimbo mabegani wakielekea bwawani. Dirisha lilikuwa wazi. Monoara aliona kichwa cha mumewe kikibanduka ukutani. Kiligeuka polepole, kwa taabu. Macho yaliwafuata wale watu mpaka kona, yakabaki kwenye kona hata baada ya wao kupotea. Kisha akaugeukia tena ukuta.

Ni hilo tu. Lakini tangu kiharusi kile, hakuwa amegeuka kwa ajili ya kitu chochote, hata kwa sauti ya mjukuu wake. Mfa maji haishi kutapatapa. Monoara aliuza bata wake wote, akafunga pesa kwenye ncha ya sari, akamwomba Jomila amkalie mgonjwa, akaenda sokoni.

Duka la zana za uvuvi lilikuwa nyuma ya wauza nyavu, jembamba kama kabati. Kijana mwenye duka aliitwa Pintu. Nywele kazichana kwa mafuta, simu sikioni. Alipomwona mwanamke wa makamo mlangoni alidhani amepotea njia.

"Vyombo vya plastiki ni duka la tatu, mama."

"Nataka fimbo ya kuvulia. Na kile kigurudumu chake cha kukunjia mshipi."

Pintu alikata simu. "Ya mtoto?"

"Ya mtu mzima."

"Mtu mzima mwenyewe yuko wapi?"

"Kitandani. Nionyeshe."

Alionyeshwa. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nyepesi kama unyoya, inang'aa mpaka Monoara akaona haya kuishika. Aliposikia bei yake aliirudisha mezani kama kaa la moto. Ya pili ilikuwa ndefu kuliko duka, Pintu ilibidi aitoe nje mlangoni, na muuza nyavu wa mbele akapiga kelele, "Utanitoboa jicho, mwanaharamu!" Ya tatu ilikuwa fupi, nene, kijani kibichi kama mkia wa kasuku.

"Hii nini?"

"Hii ya wanaoanza, mama. Nyuzi za kioo. Nzito kidogo, haina madaha. Lakini ukiikanyaga, haikatiki. Ile nyeusi ukiigonga kwenye jiwe, kwaheri." Aliikunja ncha mpaka ikakaribia kugusa mpini, akaiachia, ikarudi na mlio. "Wajuzi wanaicheka. Samaki haicheki."

Monoara aliipima mkononi. Kisha akauliza swali lililokuwa likimkaba tangu nyumbani. "Mtu mwenye mkono mmoja anavuaje nayo?"

"Mkono mmoja?"

"Wa kushoto. Ule mwingine umekufa."

Pintu alijikuna shingo. Duka zima lilikuwa limepangwa kwa ajili ya watu wenye mikono miwili: mmoja ushike fimbo, mwingine uzungushe. Monoara aliona jibu usoni mwake kabla hajasema. Alianza kufunga tena ile ncha ya sari.

"Ngoja kwanza, mama. Usikimbie." Kijana alichukua kigurudumu kidogo kwenye sanduku, akafungua skrubu ubavuni, akachomoa kishikio cha kuzungushia, akakipachika upande wa pili. "Unaona? Vya namna hii vinahama. Vile vikubwa vya wazee havihami, usinunue hata ukipewa bure. Fimbo aibane magotini, au umchomekee kijiti cha panda ardhini iegemee hapo. Halafu azungushe na huo huo wa kushoto. Atachelewa, lakini atazungusha."

"Atazungusha," alirudia Monoara. Neno lilimtia nguvu.

"Na mshipi umeshafungwa ndani yake tayari. Bure kabisa."

Hilo la bure lilimfurahisha. Hakujua ndilo baya kuliko yote. Walibishana bei mpaka Pintu akaapa kwa mama yake kwamba hapati faida, na Monoara akaapa kwa mumewe kwamba hana zaidi. Aliongezewa ndoana chache, machubwi ya kuzamishia, na kiboya chekundu, akatoka akiwa ameibeba ile fimbo ya kijani mbele yake, na soko zima likimtazama.

Jomila alikuwa mlangoni.

"Nini hicho?"

"Unaona ni nini, wifi."

"Kaka yangu anakufa kwa njaa, na wewe unaniambia niketi naye ukanunue vijiti?" Tambuu lilimrukia kwenye kidevu. "Umeuza bata wale? Bata ambao ungemchinjia akanywa supu?"

"Hanywi supu! Humwoni? Hanywi! Ningemchinjia ng'ombe, asingekunywa!" Ilikuwa mara ya kwanza kumpandishia sauti katika maisha ya ndoa yake yote. Jomila alichukua mtandio wake akaondoka bila kuaga.

Motaleb aliitazama ile fimbo ilipowekwa kando ya kitanda. Aliitazama, halafu akafumba macho.

Asubuhi iliyofuata Monoara alikodi riksho, akamwomba mwendeshaji amsaidie kumbeba, akampeleka bwawani na mito miwili ya kumwegemezea. Alipachika kigurudumu mwenyewe. Aliona kipo kifundo cha kukaza juu yake; akakikaza kwa nguvu zake zote, ili samaki asipate njia ya kutoroka. Alitia kipande cha mkate kwenye ndoana. Kurusha kwake kwa kwanza kuliangukia ngazini. Kwa pili kulinasa sari yake mwenyewe. Wavuvi wa upande wa pili waliacha kazi zao wakamtazama.

"Jamani, huyu mama anavua samaki au anavua mume?"

"Mume keshampata, tazama, amemweka juani akauke!"

Walicheka. Monoara alirusha tena na kiboya kikaangukia majini, karibu tu, kikasimama. Alichomeka panda mbele ya Motaleb, akaiegemeza fimbo, akaushika mkono wake wa kushoto na kuuweka juu ya kishikio. Mkono ulikaa hapo kama kitu kilichosahauliwa na mtu. Jua lilipanda. Alimpepea kwa ncha ya sari. Alimwambia habari za Parul, za bei ya vitunguu, za paa la jirani. Macho ya Motaleb yalikuwa kwenye maji, lakini hakuna aliyeweza kusema yanaona nini.

Kisha kiboya kikazama.

Hakikuchezacheza; kilizama moja kwa moja, na fimbo ya kijani ikapinda, mpini ukaruka kutoka kwenye panda. Monoara aliudaka. Na hapo aliona, naapa aliona, vidole vya mumewe vikifumba juu ya kile kishikio. Alikuwa akizungusha! Mzunguko mmoja, nusu ya mwingine. Kitu kizito kule chini kiliamka, kikaelekea katikati ya bwawa kwa hasira, kigurudumu kilichokazwa kikakataa kutoa hata inchi moja, na mshipi ule wa bure ukakatika, tap, kama uzi wa kushonea.

Motaleb alibaki na kishikio mkononi. Kisha sauti ikamtoka, sauti ndefu isiyo na maneno, ya mnyama aliyekanyagwa, ikaendelea, ikaendelea. Wavuvi waliacha kucheka. Mmoja alikuja kusaidia kumpakia kwenye riksho bila kumtazama Monoara usoni.

Siku hiyo Motaleb alikataa hata maji. Monoara alilowesha kitambaa akamkamulia midomoni, lakini Motaleb aliyatema. Macho yake yalikuwa yamezimika kabisa sasa. Monoara aliwaza: Nimemuua. Alikuwa na kitu kimoja duniani alichokuwa bado anakitaka, na mimi nimekichukua nikamkatia mbele ya macho yake.

Alikwenda jikoni na ile fimbo. Aliiweka juu ya goti ili aivunje. Haikuvunjika. Ilipinda, ikarudi. Aliikanyaga, akaivuta kwa mikono miwili, akatumia uzito wake wote, na meno, na matusi asiyojua kwamba anayajua. Ilipinda, ikarudi, ikampiga kidevuni. Akaketi sakafuni penye majivu, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Alimlilia Mungu kwamba kama anamtaka mtu huyu basi amchukue, asimfanye yeye kuwa mlinzi wa kaburi lenye macho.

Alipochoka kulia, hasira ilibaki. Na hasira ile ilipata jina: Keramat.

Keramat alikuwa na kibanda cha chai karibu na kituo cha treni. Miaka yote hiyo alikula Idi kwao, alilala kwao mvua zikimkuta, na tangu Motaleb aanguke hakuwa amekanyaga mlangoni. Monoara alimkuta akimimina maziwa, wateja wamejaa mabenchini.

"Keramat! Wali wangu ulikuwa mtamu, sivyo? Umekula ukashiba. Sasa rafiki yako anakufa na wewe unauza chai!"

Wateja waligeuka. Keramat, mzee mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina, aliweka birika chini.

"Shemeji, nilikuja. Wallahi nilikuja. Nilifika dirishani." Alijifuta uso kwa mwisho wa msuli wake, mbele za watu wote. "Nikamwona anavyolishwa. Motaleb, yule! Miguu ikanirudisha. Sikuweza."

"Na mimi, nani aliyeniuliza kama naweza?"

Keramat alilifunika birika. Alivua aproni, akamwambia mteja mmoja azime jiko, akamfuata.

Nyumbani hakuingia chumbani mara moja. Alikaa barazani na ile fimbo, akaigeuza geuza. Monoara alisimama juu yake akingoja matusi.

"Umenunua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Fimbo nzuri."

"Usinidhihaki."

"Sikudhihaki. Anayeanza akinunua ghali ni mjinga. Kigurudumu nacho ni kizima, na umehamisha kishikio. Mimi hata nisingelifikiria." Alivuta mshipi kidogo, akauzungusha kidoleni, akaukata bila taabu. "Ila huu ni uchafu. Umekaa dukani mpaka umeoza kwa jua. Mshipi ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndio pekee unaomfikia samaki. Na hii breki, nani kaikaza hivi?"

"Mimi. Nilitaka asitoroke."

Keramat alitikisa kichwa. "Samaki mkubwa lazima umwache akimbie, shemeji. Umpe. Akichoka, umrudishe. Ukimng'ang'ania, unabaki na uzi."

Alikwenda akarudi na mshipi mpya. Waliuzungusha pamoja barazani, Monoara akiukaza kati ya vidole viwili kama alivyoonyeshwa, mpaka kigurudumu kikajaa. Hapo ndipo Keramat alipoingia kwa rafiki yake. Monoara hakuingia naye. Alimsikia akisema, "Ewe mzee mvivu," kisha hakusikia tena neno, ila mtu akipenga kamasi.

Ningependa kusema Motaleb alikula siku hiyo. Hakula. Alikunywa maji kidogo, kwa mkono wa Keramat, na Monoara alifurahi na kuumia kwa pamoja.

Walianza kwenda bwawani, wao watatu. Mkono wa Motaleb ukiwekwa kwenye kishikio aliuondoa. Hakutaka tena. Basi Monoara, akiwa hana la kufanya na mikono yake, akavua yeye. Keramat alikaa kando kidogo akiwa na fimbo yake, akimkemea: "Usivute, kimecheza tu! Aa, umemfukuza." Alipata vidagaa, akapata kiatu, akapata jua la utosi. Wale watani walizoea wakaacha. Jomila alisikia habari mjini kwamba mke wa kaka yake anakaa kando ya maji kama mwanamume, akaja kusema kwamba amewavua nguo. Monoara alikuwa akiponda mashudu kwenye sufuria yake nzuri.

"Nishikie hii, wifi," alimwambia. Jomila aliishika kabla hajakumbuka kukasirika, akabaki amekunja pua, sufuria mikononi.

Na Motaleb alizidi kukonda. Hilo ndilo Monoara alilolijua kila alipomnyanyua: uzito uliokuwa ukipungua mikononi mwake. Vijiko viwili siku njema. Siku mbaya, hakuna. Daktari alikuja, akamshika mkono, akauliza Parul anaweza kufika lini.

Siku aliyotarajiwa Parul, mawingu yalikuwa chini. Monoara hakutaka kwenda bwawani, lakini alishindwa kukaa ndani akisikiliza pumzi za mumewe, kwa hiyo wakaenda. Keramat alikuwa amekwenda kununua tambuu kiboya kilipozama.

Fimbo ilipinda mpaka majini. Monoara alisahau kila alichofundishwa. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango, akaegemea nyuma, akavuta. Kigurudumu kilianza kulia na yeye, kwa hofu, akakifunika kwa kiganja ili kinyamaze.

"A!"

Hakugeuka.

"A... a... achia!"

Neno lilikuwa limepinda, limetoka upande mmoja wa mdomo, lakini lilikuwa neno. Monoara aligeuka. Motaleb alikuwa ameng'oka kwenye mito, mshipa umemsimama shingoni, mkono wa kushoto unapiga hewa. Alikuwa amekasirika. Alikuwa amekasirika kama mtu mzima wa afya.

"Achia! Mji... mjinga!"

Akaachia. Kigurudumu kikapiga kelele, mshipi ukakimbia, ukakimbia, ukapungua, ukasimama. Monoara alitambaa kwa magoti mpaka kwa mumewe, akaibana ile fimbo kati ya mapaja yao, na mkono wa Motaleb ukaja wenyewe juu ya kishikio. Alizungusha kidogo, akapumzika, akaachia, akazungusha. Jasho lilimtoka. Monoara alishikilia tu na kutii; alikuwa analia na hawezi kujifuta. Keramat aliporudi alikuta samaki mkubwa wa aina ya rui, mwenye wekundu wa machweo mapezini, akihema ngazini, na watu wawili wameegemeana bila nguvu. Tambuu lilimdondoka.

Parul alifika akakuta nyumba inanuka mafuta ya haradali. Mama yake alikuwa amepika mchuzi mwepesi wa manjano, na sasa alikuwa ameketi kitandani akichambua minofu kwa vidole, akitafuta ile miiba midogo yenye panda ambayo rui amejaa, kwa sababu aliogopa mwiba mmoja ukwame kwenye koo lile na kazi yote iwe bure. Alichambua mpaka wali ukapoa. Motaleb alingoja. Alifungua kinywa kabla tonge halijafika. Alimeza, akakohoa, na wote waliokuwa chumbani wakashikwa na hofu, akameza tena. Alipomaliza alinyoosha kidole kuelekea sufuriani.

"Unataka nini, Baba Parul? Umekwisha. Kimebaki kichwa."

Kidole hakikushuka. Alitaka kichwa. Basi akapewa kichwa, akakinyonya mashavu na macho mpaka mchuzi ukamlowesha kifua, na Monoara hakumfuta.

Asubuhi yake alifunga meno tena. Mambo hayakugeuka kwa siku moja, na mtu asidanganyike. Palikuwa na siku za ukuta, na juma zima moja la baridi ambalo Monoara alirudi kukitafuta kijiko chini ya kitanda zaidi ya mara moja. Lakini kwa kijiko hiki na kile, nyama ilirudi mashavuni. Motaleb aliishi. Hakutembea bila mkongojo, na mkono wa kulia haukuamka kamwe. Maneno yalirudi machache, kwa mpangilio yaliouchagua yenyewe: achia, bado, mjinga, chumvi. "Mama Parul" lilichelewa kuliko yote. Lilimtoka alasiri moja ya Ramadhani, kando ya bwawa, upepo unavuma, na Monoara, aliyekuwa ameinama akifungua fundo la mshipi, hakulisikia vizuri.

"Umesemaje? Rudia."

Motaleb alijaribu. Alijaribu mpaka uso ukamwiva. Halikuja.

"Basi, acha," Monoara alimwambia, akamshika goti. "Nimesikia."